Dume la bata hana laana: ya kweli na ya uzushi kuhusu fujo za uani

Bata walioanguliwa wakati wa vuli hufikia utu uzima kwenye Juni na Julai, na kwa Pemba hapo ndipo karafuu zinapoanza kuchumwa. Majamvi yanatandazwa uani, kuku na bata wanafungiwa kutwa wasije wakazipekua karafuu na kuzitia kinyesi. Basi banda moja la fito na makuti linajikuta na majike watatu na madume vijana watano, wote wa tumbo moja, wote damu inawachemka kwa mara ya kwanza. Hazipiti wiki mbili, jike mmoja kisogo kimebaki ngozi tupu, wa pili anachechemea, wa tatu amejibanza pembeni na chakula hakigusi.

Hapo maneno huanza. Dume ana jini. Jike ana nuksi. Bata ndivyo walivyo, waache. Maneno haya yana madhara, kwa sababu yanamkalisha kitako mwenye bata wakati dawa iko mikononi mwake. Nimeyachagua yale yanayosikika sana, kuanzia Mkoani mpaka Konde, nikayapima moja moja.

Kabla ya yote, tujue tunazungumzia bata gani. Wengi wanaofugwa uani kwetu ni wale wenye ngozi nyekundu yenye vinundu usoni, ambao dume hapigi kelele bali hupumua kwa nguvu kama anayefukuza kitu. Asili yao ni Amerika ya Kati na ya Kusini, ambako wenyeji waliwafuga kabla Wazungu hawajafika. Wataalamu huwaita bata wa Muscovy. Aina ya pili ni bata weupe wenye mdomo wa manjano, tunaowaita wa kizungu. Hao ni wa ukoo mwingine kabisa, na jike wao ndiye mpiga kelele. Tofauti hii itatufaa huko mbele.

"Dume anayepanda ovyo amerogwa." Uzushi.

Katika nchi za baridi, mchana ukianza kurefuka mwili wa dume hupata ishara: korodani zake, ambazo zimo ndani ya tumbo karibu na figo, huvimba zikawa kubwa mara nyingi kuliko kawaida, na hamu ya jike humjia kwa nguvu. Siku zikifupika, husinyaa, naye akatulia kwa miezi. Pemba iko digrii 5 kusini ya ikweta. Baina ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa wa mwaka hapa, tofauti haifiki dakika 40. Dume wetu hupungua kasi anapopukutisha manyoya, lakini ule utulivu mrefu wa nchi za baridi haupati. Karibu mwaka mzima yuko tayari.

Hana wazimu, wala hana dhambi. Hayawani hana taklifu. Mwenye taklifu ni yule aliyejenga banda akaamua wakae wangapi ndani yake. Sote tumekua tukisimuliwa chuoni habari ya mwanamke aliyemfungia paka akamnyima chakula na njia ya kujitafutia. Anayefungia jike wa bata pamoja na madume watano aisikilize tena habari ile.

"Kupandana kwa bata ni vita siku zote, jike ameumbwa kuvumilia." Uzushi, na ndio unaoumiza zaidi.

Wakiwa katika hali yao, mambo huenda hivi. Dume humwendea jike huku akisukuma kichwa mbele na nyuma, amesimamisha kishungi chake na kutikisa mkia. Jike aliyeridhika hujilaza, akanyoosha shingo chini. Dume hupanda, akamshika manyoya ya kisogo kwa mdomo ili asiteleze, na kazi ikisha, jike huinuka, akajipigapiga mbawa, akaenda kwenye maji kuoga. Kung'atwa kisogo, kwa hivyo, kumo ndani ya utaratibu. Manyoya mawili matatu yaliyokatika si msiba.

Msiba unauona ukimshika jike ukamtazama kwa karibu. Fanya hivyo jioni, wakati wamekwisha tulia. Mtie kwapani, kichwa kikitazama nyuma yako, mbawa zimebanwa. Pitisha kidole kisogoni kinyume na manyoya yanavyolala. Ukikuta vibua vya manyoya vimekatikia juu ya ngozi, hiyo ni dalili ya mwanzo. Ukikuta ngozi tupu, nyekundu, yenye magamba ya damu, amepandwa kupita kiasi kwa siku nyingi. Tazama macho, kwani mdomo wa dume hukosea shabaha ukamchoma jichoni. Inua mbawa utazame mbavu: kucha za dume huchana pale, na kidonda hufichika chini ya manyoya mpaka harufu itoke. Mwisho mpapase kifuani. Mfupa ukikuchoma mkono kama ukingo wa jahazi, jike huyo hali, na sababu mara nyingi ni kwamba kila akisogelea chano cha chakula anavamiwa.

Mwili wa jike wenyewe unatuambia hakuumbwa kuvumilia tu. Ndege wengi hawana uume. Bata wanao, na ni mrefu wenye kujipinda kama skurubu. Mtafiti Patricia Brennan, mzaliwa wa Colombia, pamoja na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba njia ya uzazi ya jike nayo imejipinda, lakini kwa upande wa pili, na ina vifuko visivyo na mlango wa kutokea. Mwaka 2009 walitoa matokeo mengine, safari hii kwa bata wa Muscovy, hawa hawa wa uani kwetu: uume wa dume hutoka wote, kiasi cha sentimita 20, kwa muda wa kama theluthi moja ya sekunde, na hukwama ukikutana na njia iliyojipinda kinyume chake. Jike asipolegeza mwili, mbegu haifiki mbali. Kwa baadhi ya bata wa porini, kupandana kwa nguvu ni kama theluthi ya kupandana kote, ilhali vifaranga wanaotokana nako ni wachache mno.

Faida yake kwa mfugaji ni hii: dume anayekimbiza majike kutwa hakuongezei vifaranga. Anakuongezea vidonda.

"Bata ni kama njiwa, kila jike na dume lake." Uzushi, na hapa ndipo penye kiini cha mambo.

Njiwa huishi kwa jozi. Dume na jike hulalia mayai kwa zamu na kulisha makinda pamoja. Wako hata bata wa porini wa Afrika Mashariki, wale wanaopiga mluzi wakiruka usiku, ambao mume na mke hushirikiana kulalia. Bata wa kufugwa hawamo katika mkumbo huo. Dume mmoja anatosha majike watano, na kwa bata wepesi hata sita. Akipewa mmoja au wawili, nguvu zote zinamwangukia huyo huyo mmoja au hao hao wawili.

Sasa chukua hesabu ya kutotoa. Jike wetu hulalia mayai kumi na kitu. Tuseme vifaranga 12 wamepona kunguru na ngawa wakakua. Mwenyezi Mungu hugawa jinsia nusu kwa nusu, kwa hivyo kwa wastani una madume 6 na majike 6. Majike 6 wanahitaji dume mmoja, au wawili ukitaka akiba. Waliobaki, wanne au watano, ni ziada tangu siku ile ile walipopasua yai. Kila mama anayetotoa anakuzalishia ziada hii, na hakuna uganga utakaoiondoa. Kuna kuuza, kuchinja, kugawa au kutenga.

Tatizo ni kwamba sisi huchelewa. Dume kijana ananenepa, uso unaiva wekundu, roho inasema tumwache mpaka sikukuu. Wakati huo huo ndio anapokomaa: miezi 5 au 6 kwa bata wa kizungu, miezi 6 au 7 kwa wa kwetu. Na madume wakiwa wengi hawagawani majike kwa amani. Mmoja akishuka mwingine anapanda, kwa sababu kumwona mwenzake juu ya jike kunamchochea zaidi. Jike anaweza kupandwa na wanne mfululizo, asipate nafasi hata ya kuinua kichwa.

Kwa hivyo wakague mapema, wakiwa na miezi mitatu au minne. Kwa bata wa Muscovy haihitaji utaalamu: dume anamzidi jike kwa miguu minene, kichwa kipana na mwili unaoelekea kuwa mara mbili ya wa jike. Kwa wa kizungu, sikiliza sauti. Anayepiga kelele ya kukatakata ni jike. Mwenye sauti ya kukwaruza, ya chini, ni dume, na akikomaa huota manyoya mawili matatu yaliyojikunja juu ya mkia. Ukishawajua, chagua utakayembakisha, na wengine wawe wamekwisha kupata pa kwenda kabla karafuu hazijaanikwa.

Huyo utakayembakisha, ikiwezekana, asiwe wa tumbo lile lile. Wapo wanaosema bata hampandi mama yake wala dada yake. Anawapanda wote. Baada ya vizazi kadhaa vya namna hiyo mayai viza huongezeka na vifaranga hutoka dhaifu. Badilishana dume na mtu wa shehia nyingine. Gharama yake ni kumbeba tu kwenye pakacha.

"Bila dume, jike hatagi." Uzushi.

Hutaga vile vile kama kuku. Mayai hayatakuwa na kifaranga, basi, lakini kwa kula ni sawasawa. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba jike huhifadhi mbegu mwilini, na kwa wiki moja hadi kama mbili baada ya dume kuondolewa bado anaweza kutaga yenye uhai. Kwa hivyo unaweza kumwondoa dume leo ili jike apumzike, na mayai ya siku chache zijazo ukayaweka kwa kutotoa bila wasiwasi.

Na usimhukumu dume kwa haraka kwamba hafai. Mayai ya kuku huanguliwa kwa siku 21, ya bata wa kizungu 28, na ya hawa wa kwetu kiasi cha siku 35. Mayai mengi mema yametupwa kichakani kwa mtu kuhesabu siku za kuku.

"Dume la bata anaweza kumuua kuku." Kweli, tena kweli tupu.

Jogoo hana uume wa kuingia. Yeye na tetea hugusanisha matundu yao ya haja, na ndivyo mwili wa tetea ulivyoumbwa. Dume la bata akimpanda tetea, ule mzinga wa sentimita nyingi unaotoka kwa kishindo unaingia pasipo na nafasi yake. Tetea huchanika ndani. Kwa nje unaweza usione kitu isipokuwa damu kidogo chini ya mkia, kisha siku ya pili au ya tatu amejikunyata, manyoya yamesimama, na wewe unasema ni mdondo. Ongeza uzito: dume mkubwa wa Muscovy akimkalia tetea wa kienyeji anaweza kumvunja bila ya kufika huko kwingine.

Hili linatuhusu sana kwa desturi yetu ya kumtegea kuku mayai ya bata. Tetea ni mama mzuri, hulalia kwa moyo, na mwenye bata anataka jike wake arudi kutaga upesi. Katika miaka ya 1960 mtafiti Friedrich Schutz, aliyefanya kazi na Konrad Lorenz nchini Ujerumani, aliwalea bata pamoja na ndege wa jamii nyingine, kisha akaangalia wakikua watamwendea nani. Madume wengi walimwendea ndege wa jamii ile iliyowalea. Lorenz mwenyewe alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, sehemu yake kwa kazi ya kuonyesha jinsi kinda anavyochapwa akilini na yule anayemwona mwanzo wa maisha yake. Dume aliyelelewa na tetea, kati ya vifaranga vya kuku, ana sababu ya kuona kuku ndio wenziwe.

Siwaambii watu waache desturi hii, kwani inafaa na imekula vifaranga wachache kuliko kunguru. Ninachosema ni kwamba vifaranga wa bata waliototolewa na kuku watolewe mapema wakue na bata wenzao, na dume aliyekwisha onekana akimpanda kuku hata mara moja asibaki katika ua wenye kuku. Hatajirekebisha. Wala banda la kulala lisiwe moja, hata kama mchana wanatembea pamoja.

"Bila bwawa, bata hawapandani." Nusu kweli.

Bata wa kwetu hupandana nchi kavu bila taabu. Wale wa kizungu, hasa walionenepa, hupenda majini kwa sababu maji hubeba uzito, na mayai yao huwa na uhai zaidi wakipata pa kuogelea. Lakini maji yana hatari yake. Dume akiwa juu, jike huzama mpaka kichwa. Na madume wakifuatana watatu, hupati jike hai. Hodhi la saruji lenye kuta zilizosimama wima ndilo baya kuliko yote, maana jike hana pa kutokea. Mfereji wa bonde la mpunga una kingo za udongo, anaweza kujiburura nje. Ukiwa na karai au hodhi uani, tia maji ya kumfika bata kifuani tu, na weka mawe au ubao ulioinamia upande mmoja awe na ngazi.

"Majike wakipandana wao kwa wao ni mkosi." Uzushi.

Ni jambo la kawaida, hasa pasipo na dume, na mara nyingi jike mkubwa humpanda mdogo kumjulisha nani mwenye ua. Halina madhara na halimaanishi jike amegeuka dume. Usimchinje kwa hilo.

"Huyu amezoea watu, hana neno." Tahadhari hapo.

Mtoto akilea kifaranga mmoja peke yake, akamlaza kwenye boksi karibu na kitanda na kumtembeza mkononi, hupata bata mpole anayemfuata mpaka mlango wa skuli. Kifaranga yule anakua akiamini watu ndio bata. Akiwa jike, hakuna shida kubwa. Akiwa dume, ikifika miezi saba utamwona akipanda miguu ya watu, akining'inia kwenye pindo la kanga, akimvamia kila anayeingia uani na kumpiga kwa mbawa. Kucha za Muscovy ni ndefu na kali kama za ndege wa kupanda miti, kwa sababu porini hulala juu ya miti. Mkono wa mtoto huchanika vibaya.

Kumpiga hakumfundishi, kunamfanya akuone dume mwenzake wa kushindana naye. Akikuvamia, mwinamie, mshike mwili mzima mbawa zikiwa zimebanwa, mkae hivyo mpaka atulie, kisha mweke chini uondoke zako polepole. Ncha za kucha unaweza kuzikata kidogo, ukikwepa sehemu yenye mshipa wa damu. Mdomo usikatwe kamwe. Na kwa siku zijazo, ukitaka kulea kifaranga mkononi, lea wawili au watatu pamoja, wakuone wewe mlezi na waonane wao kuwa bata.

"Uume ukibaki nje, dume ndiyo basi." Si lazima.

Hutokea kwa dume aliyepanda kupita kiasi, au aliyeumia, au aliyeingiwa na uchafu. Kinachoonekana ni kitu chekundu, kirefu, kinachoning'inia nyuma na kuburura mchangani. Kuku wakikiona watakidonoa, kwa hivyo mtenge papo hapo, mbali na majike pia. Kioshe kwa maji safi ya baridi mpaka mchanga wote utoke. Kikiwa kimevimba, kipake sukari au asali, navyo huvuta maji na kupunguza uvimbe. Mweke kwenye maji safi mara mbili tatu kwa siku. Mara nyingi kikiwa bado kibichi na chekundu, hurudi chenyewe. Kikibaki nje zaidi ya siku moja, au kikaanza kuwa cheusi na kikavu, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Dume hatumii kiungo hicho kwa haja ndogo, kwa hivyo daktari akikiondoa, bata anaishi. Hatazalisha tena, lakini anaishi. Usikikate wewe kwa wembe.

Hapo hapo niseme juu ya kumhasi dume kama anavyohasiwa beberu: haiwezekani nyumbani. Korodani za ndege zimo ndani, zimepakana na mishipa mikubwa ya damu. Anayejaribu anachinja polepole.

"Kidonda cha kisogo, mafuta ya taa ndiyo dawa." Uzushi mtupu.

Mafuta ya taa huunguza ngozi, na oili chafu ya gari ni sumu ambayo bata ataimeza kila anapojisafisha manyoya. Kisogo kilichochubuka kioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi: kijiko cha chai kimoja kilichosawazishwa kwa nusu lita. Kausha kwa kitambaa safi, kisha paka asali kidogo. Kagua kila siku kama kuna mayai ya nzi, maana kwa joto letu funza huingia kidondani kwa siku moja tu. Kidonda kirefu, jicho lililofumba, au jike asiyeweza kusimama, hao ni wa daktari.

Dawa yoyote utakayotia haitamfaa jike ikiwa usiku unamrudisha kwa madume wale wale.

"Ukichanganya bata wa kizungu na wa kwetu unapata mbegu bora." Kweli kwa nyama, uzushi kwa mbegu.

Mtoto wa dume la Muscovy na jike wa kizungu hukua haraka na huwa na nyama nyingi. Ufaransa na Taiwan wanawazalisha makusudi kwa idadi kubwa. Lakini ni tasa, dume na jike, kama alivyo nyumbu. Ukiona madume wako wanapanda kila siku na hakuna kifaranga, na wana sura ya katikati, si wa kwetu si wa kizungu, sababu huenda ni hiyo. Utasa wao haupunguzi fujo: wanapanda kama wengine, na ziada yao ihesabiwe vile vile.

"Madume wakiwekwa peke yao watauana." Uzushi, kwa sharti.

Madume waliokua pamoja, wakiwekwa mahali ambapo hawaoni majike wala hawawasikii, kwa kawaida hutulia baada ya siku chache za kusukumana. Kinachowasha moto ni jike kuwa upande wa pili wa wavu. Sharti jingine ni usimtie dume mkubwa mgeni kati yao, kwani hao wa Muscovy hupigana kwa mbawa na kucha mpaka mmoja ashindwe kuinuka. Wape nafasi, vibeseni viwili vya maji badala ya kimoja, na vyano viwili, ili mnyonge asizuiwe kula. Kwa nyumba ambayo watoto wamempa dume jina na hawataki achinjwe, hii ndiyo njia.

Kwa majike nao, msimu wa karafuu ukibana nafasi, lililo jepesi ni kuwapa banda lao usiku na mchana, na dume awaingilie asubuhi kwa muda wa saa moja au mbili, wewe ukiwapo. Mayai hayatapungua uhai wake kwa kiasi cha kukutia hasara. Jike aliyekwisha umia asipelekewe dume kabisa mpaka kisogo kiote. Manyoya yaliyong'olewa na mizizi yake huanza kuchomoza baada ya wiki chache. Yaliyokatikia katikati hayaoti mpaka kibua kilichobaki kipukutike chenyewe, na hilo linaweza kuchukua miezi. Kwa hivyo mpapase tena kabla ya kumrudisha, na ukisikia vibua vingali vinakwaruza kidole, mwache aendelee kukaa na wenziwe.